Karatasi Safi ya Mzee Shomari

Juzi binti mmoja anayefanya kazi kwenye steshenari hapa Ilala, nyumba ya tatu kutoka kwangu, alinijia mbio na kompyuta yake kwapani.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Unakimbizwa na nani?"

"Bibi, kuna mwalimu kasahihisha kazi ya mwanafunzi wake, pembeni kumejaa maoni, na nikichapa herufi zinatoka ndogo kama ulezi. Nayaondoaje?"

Nikamuuliza anataka kuyaondoa au kuyaficha. Akacheka. "Si yale yale tu, Bibi?"

Nilimwonyesha, akaenda zake ameridhika. Mimi nikabaki barazani na lile neno lake. Nimekaa nalo siku kadhaa, halafu nimeona afadhali niwaandikie ninyi nyote mnaokula kwa kibodi na printa, ninyi wa Kariakoo, wa Gerezani na wa Buguruni mnaogombana na wateja kutwa kucha juu ya wino na foleni. Mimi Sikudhani nimeifanya kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini. Macho yamegoma, nimestaafu. Nina mengi ya kuwachekesha, na lipo moja ambalo silipendi hata kulikumbuka, lakini hilo ndilo mnalolihitaji.

Nilianza na taipureta. Enzi hizo maoni hayakuwa na pa kujificha. Bosi anachukua kalamu nyekundu, anaandika pembeni "Rudia", nawe unarudia ukurasa mzima pamoja na kaboni zake tatu, huku unasonya kimoyomoyo. Ilikuwa kazi ya punda. Lakini neno likishaandikwa, kila aliyeshika karatasi alikuwa analiona, hata asiyejua kusoma angejua kuna kitu chekundu pale.

Aliyenifundisha ni Mama Eliakimu, mama wa Kichaga aliyekuwa na steshenari yake mtaa wa nyuma ya soko la Kariakoo. Alikuwa mfupi, mkali, na rula ya mbao haikutoka mkononi mwake. Sheria yake ilikuwa moja. "Sikudhani, hapa mtu analeta talaka, analeta wosia, analeta barua ya kuomba radhi kazini. Vidole vyako vifanye kazi, macho yako yawe na adabu." Akikuona umesimamisha vidole ili usome vizuri, rula inakugusa bega. Siku moja nilicheka katikati ya barua ya mwanamume aliyekuwa akimbembeleza mkewe arudi nyumbani, na mwenye barua amekaa pale pale kwenye benchi. Mama Eliakimu hakunigombeza. Aliniinua, akakaa yeye, akamalizia ile barua, na wiki nzima sikugusa taipureta. Nilikuwa nafagia na kupanga karatasi.

Nililishika somo lile. Nikawa mtu wa kupiga chapa bila kusoma, na kwa kweli inawezekana, waulizeni wenzangu wa zamani. Maneno yanaingia machoni yanatokea vidoleni, hayapiti moyoni. Wateja walinipenda kwa hilo. Mtu alikuwa anavuka kutoka Buguruni, anazipita steshenari kumi, ili alete siri yake kwangu.

Kompyuta zilipofika, Mama Eliakimu alizitazama wiki moja, akasema yeye anarudi kwao Kilimanjaro kulima kahawa, akaniachia chumba, benchi na rula. Hapo ndipo nilipokutana na haya maoni ya pembeni. Msomaji anachagua sentensi yako, anaandika analotaka kusema, na maneno yake yanakaa kwenye kisanduku upande wa kulia, jina lake juu. Ukichapa hivyo hivyo, printa inayabana maandishi yako ili visanduku vipate nafasi, ndiyo maana ya ule ulezi wa yule binti. Sasa sikilizeni vizuri. Ukiingia kwenye riviu, ile sehemu ya mapitio juu ya ukurasa, kuna mahali pa kuchagua uone alama zote, alama chache, au usione alama kabisa. Ukichagua usione, ukurasa unakuwa mweupe kama hakuna aliyewahi kuugusa. Lakini maoni yamo, yamelala ndani ya faili. Ukimtumia mtu faili hilo, kwake yanaweza kuamka yote. Ukitaka yaondoke kweli, yafute, moja moja au yote kwa pamoja, kisha uhifadhi kwa jina jingine ili lile faili la kwanza libaki. Msimwamini anayewaambia faili la zamani ni takataka.

Mimi nilijifunza hayo kwa aibu. Kamati moja ya harusi iliniletea orodha ya wageni. Katibu ameiandika, mwenyekiti ameipitia na kuweka maoni yake. Mimi na adabu yangu ya macho nikachapa nakala za wajumbe wote, nikazibana vizuri, nikawapa. Zikagawiwa kikaoni. Pembeni mwa jina la shangazi wa bwana harusi mwenyekiti alikuwa ameandika: "Huyu ana mdomo, asikae karibu na kipaza sauti." Na shangazi mwenyewe alikuwa mjumbe.

Kesho yake asubuhi alinijia dukani, khanga ameifunga kiunoni. "Nani kachapa hii?" Wanangu, nilichuchumaa nyuma ya mashine ya fotokopi. Mteja aliyekuwa anasubiri akamwambia, "Mwenyewe katoka, mama." Shangazi akajibu, "Basi mwambie arudi, maana naiona miguu yake."

Tulicheka baadaye, hata yeye alicheka. Lakini nilikuwa nimeapa. Nikaingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa ya programu, nikatoa tiki pale panapofanya alama zilizofichwa zijitokeze faili linapofunguliwa. Tangu siku hiyo, faili nililolifunika lilibaki limefunikwa kwenye mashine yangu mpaka nilifunue kwa mkono. Nilijiona fundi. Nilijisifu mpaka kwa wauza spea wa jirani ambao hata hawakujua naongelea nini.

Ndipo akaja Mzee Shomari.

Alikuwa fundi mstaafu wa karakana za reli, anaishi Gerezani peke yake, mke amefariki miaka mingi. Alikuja na madaftari makubwa manne yaliyojaa mwandiko wa penseli. Akasema ameandika maisha yake, anataka kiwe kitabu, na kwamba anaye binti, Saida, mhariri huko Dodoma, ambaye amekubali kukipitia. Utaratibu wetu ukawa huu: mimi napiga chapa sura moja, naiongeza kwenye faili, namtumia Saida kwa barua pepe ya duka. Saida anasoma, anasahihisha, anaweka maoni yake pembeni, analirudisha. Mzee hakuwa na kompyuta, na simu yake ilikuwa ya kubonyeza.

Mara ya kwanza nilimchapia pamoja na maoni. Aliisogeza karatasi mpaka puani. "Mwanangu, hizi ni herufi au sisimizi?" Alikuwa na mtoto wa jicho. Basi tukakubaliana. Faili likirudi, nalifunua, namsomea maoni ya Saida kwa sauti, yeye anajibu, mimi naandika jibu lake chini ya maoni yale yale. Tukimaliza nayafunika, nakuza herufi, namchapia karatasi safi aende nayo nyumbani.

Nilizipenda asubuhi zile. Saida anauliza, "Huyu Mjerumani wa karakana alikuwa na jina?" Mzee anasema, "Mwambie alikuwa nalo, ila tulimwita Bwana Kesho, maana kila ukimwomba glavu anasema kesho." Saida anaandika, "Baba, hapa unajisifu." Mzee anasema, "Mwandikie: ndiyo." Alikuwa anacheka mpaka anavua miwani.

Nilidhani ni baba na binti wanaopendana tu, hadi siku aliyoniletea sura ya sita. Alikaa kwenye benchi muda mrefu daftari likiwa mapajani. Akaniambia, "Mwanangu, mimi na Saida tunapigiana simu Idi na Idi. Tunaulizana hali, tunaagana. Hapa kwenye pembe ya karatasi ndipo tunapozungumza. Sura hii ndiyo niliyoandikia kitabu kizima. Nataka nijue atasema nini."

Ile sura niliisoma. Nisamehe, Mama Eliakimu, niliisoma neno kwa neno. Ilikuwa juu ya kifo cha mkewe, Bi Zuwena. Saida alikuwa shule ya bweni Tabora, anafanya mtihani wa kidato cha sita. Mama yake akazidiwa ghafla, akafa, akazikwa siku hiyo hiyo kama ilivyo desturi yetu, na mtoto hakuambiwa. Alipopiga simu akaambiwa mama anaendelea vizuri. Alimaliza mtihani, akapanda treni, akashuka Dar es Salaam na kitenge alichomnunulia mama yake. Baba alimpokea stesheni, akambebea sanduku. Njia nzima mtoto anaongea habari za kile kitenge, baba kimya. Aliyajua mlangoni, alipoona majirani wamesimama hawasemi.

Mnajua wenyewe, jambo hili hufanyika hata leo. Mtoto yuko kwenye mtihani, msiba unafichwa, kila mtu anaamini anamtendea wema. Saida hakumsamehe. Alifaulu, akaenda chuo, akapata kazi, na nyumbani akawa anakuja kama mgeni.

Lakini lilikuwamo jambo ambalo Saida hakulijua. Mzee aliandika kwamba ni Bi Zuwena mwenyewe, akiwa kitandani, aliyemwapisha asimwambie mtoto mpaka amalize mtihani. Nilisimamisha vidole nikamuuliza kwa nini hakumwambia bintiye miaka yote ile. Akasema, "Ningemtupia lawama marehemu? Hawezi kujitetea. Mimi nilikuwa hai, nikaona nibebe mimi."

"Na sasa?"

"Sasa na mimi nakaribia kwenda. Asije akabaki na uongo."

Nikaituma. Mzee akaanza kuja kila asubuhi. Anatoka Gerezani kwa miguu, anavuka barabara ya mabasi ya mwendokasi, anafika ananiuliza kabla hajaketi: "Limerudi?"

Lilirudi siku ya kumi na moja. Ilikuwa majira ya wanafunzi kukabidhi kazi zao, foleni imefika kwa muuza mabegi, printa moja imekwama, watu wananiita kila upande. Siku zote barua pepe ya Saida ilikuwa na neno: "Mama, nimeweka maoni kadhaa." Safari hii haikuwa na neno hata moja. Faili tu. Nililifungua nikakimbilia sura ya sita. Nyeupe. Nikashuka nalo hadi chini. Nyeupe, safi.

Sikulifunua. Mkono ulikuwa umezoea kulifunua kila siku, na siku hiyo haukufanya hivyo. Nimejiuliza mara nyingi sababu. Haraka ilikuwepo, ndiyo. Lakini kuna jingine, na hili ndilo linaloniumiza zaidi. Niliona haya. Nilikuwa nimeshasoma siri ya watu hawa, na nilipofungua faili nilitaka kupitisha macho haraka nitoke, kama mtu aliyefungua mlango akakuta wenyewe wanavaa. Nilidhani ndiyo heshima.

Mzee alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. "Kasemaje?"

"Hajasema kitu, Mzee."

"Hata kusahihisha?"

"Hata kusahihisha. Iko kama tulivyoituma."

Akasema, "Basi." Akaenda kukaa. Kuna mama aliyekuwa anauza chai ya tangawizi pale nje, nikamwagizia kikombe, hakukinywa. Alikaa hadi adhuhuri, watu wanaingia wanatoka, halafu akaondoka bila kuaga. Hakuwa mtu wa kuondoka bila kuaga.

Baada ya wiki alirudi. Akaniambia, "Hebu angalia tena, mwanangu." Siku hiyo hapakuwa na foleni. Siwezi kusingizia foleni. Nilifungua faili lile lile, likafunguka vile vile, limefunikwa kwa sababu mimi ndiye niliyeiambia mashine isifunue kitu bila ruhusa yangu. Nikalishusha taratibu ukurasa kwa ukurasa, yeye ameinama begani kwangu na miwani yake. "Umeona mwenyewe, Mzee. Hakuna." Akasema, "Nimeona."

Halafu akasema, "Itoe hiyo sura."

Nilimbishia. Nilimwambia ndiyo sura nzuri kuliko zote. Akasema, "Nimemlazimisha mtoto kusoma jambo asilolitaka. Ananyamaza kwa adabu yake tu. Itoe, umtumie kitabu bila hiyo, ajue simlazimishi."

Nikaitoa. Nikamtumia. Saida akajibu kwa neno moja: "Sawa."

Idi ikaja, ikapita. Mwezi wa pili baada ya Idi, Mzee Shomari alianguka akichukua udhu, hakuamka. Nilikwenda msibani Gerezani. Saida nilimwona kwa mbali kati ya wanawake, mtu mzima, mwembamba, ana paji la uso la baba yake. Safari hii aliwahi kufika kabla maiti haijatolewa ndani. Sikumsogelea, niliona si wakati wake.

Baada ya arobaini akaja dukani. "Shikamoo mama. Mimi ni Saida wa Mzee Shomari." Nikampa kiti, tukapeana pole. Alitaka mafaili yote ili akamilishe kitabu. Nilimfungulia folda, kila toleo nilikuwa nimelihifadhi kwa tarehe yake. Akanyoosha kidole kwenye lile la sura ya sita.

"Hili," akasema. "Mama, nataka kukuuliza. Alipoyasoma maoni yangu, alisema nini?"

"Maoni yapi, mwanangu?"

"Ya sura hii. Najua alikasirika, maana aliitoa. Lakini alisema nini?"

Nikafungua faili. Jeupe. Nikaingia kwenye riviu, nikachagua alama zote.

Upande wa kulia ukajaa kutoka juu hadi chini.

Sijasahau hata moja. Pale Mzee aliposema Bi Zuwena alimwapisha: "Baba, ni mama? Ni mama aliyesema?" Pale pa stesheni: "Nilikuwa naongea sana siku ile. Uliwezaje kunyamaza?" Pale aliposema aliona abebe yeye: "Mbona umebeba peke yako miaka yote hii, baba?" Na mwishoni kabisa, pembeni mwa sentensi ya mwisho: "Hapa sisahihishi kitu. Nina likizo ya Idi. Nataka kuja tukae siku mbili tatu, tuongee. Kwenye simu nitashindwa. Nijibu hapa hapa. Ukisema njoo, nitakuja."

Saida hakuwa anatazama skrini. Alikuwa ananitazama mimi, anasubiri. Na wanangu, ulimi wangu ulikuwa tayari na uongo. Ningeweza kumwambia baba yake alilia, aliyasoma mara tatu, alishindwa tu kujibu. Hakuna ambaye angejua. Ungekuwa uongo mzuri, wa kumtuliza mtu. Nikaona nitakuwa wa pili kumficha mtoto huyu jambo kwa kumwonea huruma.

"Hakuyasoma," nikamwambia. "Hakuyaona kabisa. Mimi nilikuwa nimeyafunika, nikasahau kuyafunua. Aliniuliza umesemaje, nikamwambia hujasema kitu. Akaniuliza tena baada ya wiki, nikamwambia hivyo hivyo. Sura aliitoa kwa kuwa alidhani imekuumiza. Aliitoa kwa ajili yako."

Aligeuka akaitazama skrini. Barabarani kulikuwa na mkokoteni wa marobota umeziba njia, watu wanapiga kelele, nami nilitamani kelele ziendelee.

"Kwa hiyo alikufa akijua nimenyamaza," akasema.

"Ndiyo."

"Nami nikakaa Dodoma najiambia, nimemwomba nije, naye kafuta sura nzima. Nilishika simu sijui mara ngapi. Nikaona, ameshajibu." Alizungumza polepole, kama anayepanga karatasi. "Angesema njoo?"

Hilo nililijua. "Siku tuliyoituma hii sura alitoka hapa, akaenda dukani hapo mbele, akarudi na chandarua kipya. Akanionyesha. Akasema ni cha chumba chako, cha zamani kimetoboka, asije akakuita ukaliwa na mbu."

Alifunika uso kwa viganja vyote viwili. "Nilikikuta kabatini," akasema humo humo ndani ya viganja. "Kwenye mfuko wake, hakijafunguliwa. Nikampa mpangaji wa uani, ana mtoto mchanga."

Tulilia pamoja, sitawadanganya. Mteja mmoja aliingia akatuona akarudi nje taratibu.

Alipotulia nilimhamishia mafaili yote kwenye flashi yake, na lile la sura ya sita nikalihamisha likiwa wazi, maoni yote yanaonekana. Nikasimama mbele yake nikamwambia, "Mwanangu Saida, naomba unisamehe."

Aliitia flashi kwenye mkoba, akafunga zipu. "Mama," akasema, "nilimkasirikia baba miaka mingi, na sasa najua nilikosea. Naogopa kukukasirikia, na naogopa kusema nimekusamehe wakati bado. Naomba usinitake niseme kitu leo. Nikiwa tayari nitakupigia."

"Sawa, mwanangu."

Mwezi ule ule nikafunga duka. Watu waliambiwa ni macho, na macho nayo yalikuwa mabaya kweli. Kitabu kimetoka, nimekiona kwa muuza vitabu mmoja hapa mjini, sura ya sita imo. Ninyi mnaobaki kazini, kabla hujamwambia mtu hakuna kitu, funua kwanza, hata kama umefungua faili hilo mara mia, hata kama unaona haya. Adabu ya macho ni kutokutangaza ulichokiona. Kutokukitazama ni jambo jingine, na nimechelewa kulijua.

Hiyo siku ya Saida sasa ni miaka mitatu. Simu yangu huwa siizimi, na bado hajapiga.